Mgowe wa Darasa la Kumi

Mwalimu Enoki alipata ukuu wa shule kwa sababu ya mgongo wa mtu mwingine. Sababu nyingine haipo, na wanaosema ipo wanampamba tu. Mkuu wa zamani, Mwingereza mmoja mrefu, aliumwa mgongo mpaka akawa anatembea kama anatafuta kitu chini, akarudishwa kwao kutibiwa. Ofisi ikabaki wazi. Kwa kuwa Enoki ndiye aliyekuwa na mvi nyingi kuliko walimu wote wa shule ile ya bweni, iliyokaa kilimani nje ya mji wa Njombe, kwenye njia ya kwenda Kifanya, akakabidhiwa funguo na nyumba ya bati.

Alikuwa mtu wa Mdandu, mtoto wa wakulima wa Kilutheri, mwembamba, mwenye koti moja jeusi alilolivaa kanisani na darasani bila ubaguzi. Alikuwa amefundisha hesabu zaidi ya miaka ishirini, na kazi yake ilijulikana. Aliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili. Kesho yake aliwauliza, wakaghani wote kwa pamoja. Aliyesahau alichapwa, aliyekumbuka aliketi. Mwalimu Enoki alifundishwa hivyo, naye akafundisha hivyo, na vijana wake walikuwa wakifaulu. Mtu wa kumwambia neno angetoka wapi?

Alitoka Makambako. Siku hizo Makambako ilikuwa njia panda ya vumbi, maduka machache, na malori yaliyopakia vijana kwenda kukata mkonge. Wakuu wa shule waliitwa pale, wakaketishwa kwenye ukumbi wa baraza, na bwana mmoja wa elimu akazungumza Kiingereza asubuhi nzima. Alisema vijana wa Tanganyika wanashindiliwa maneno kama kasuku. Alisema nchi inabadilika, kila mtu anaona, na itahitaji watu wanaofikiri. Wakuu ndio wa kuongoza badiliko hilo. Wanafunzi wakae kwa makundi, waulize, wabishane, watafute wenyewe. Kisha akatoa meno: mkaguzi atapita, na shule itakayokutwa bado inakaririsha itanyang'anywa Darasa la Tisa na la Kumi.

Mwalimu Enoki alielewa kila neno, lakini jambo lenyewe hakulielewa hata chembe. Akanyoosha mkono, akauliza: "Bwana, tuanzeje?"

"Swali zuri sana," bwana elimu akasema. "Nenda nalo nyumbani ukalifikirie."

Basi akaenda nalo. Alirudi Njombe juu ya magunia ya unga ndani ya lori, ukungu umetanda hata miti ya miwati kando ya barabara haionekani, na swali lile likamkaa kichwani njia nzima. Madarasa yale mawili hayakuwa mchezo. Ndiyo pekee ya ngazi ile ambayo kijana wa upande ule aliweza kuyafikia kwa miguu yake, akiwa na sanduku la bati kichwani. Yakiondolewa, vijana wangesambazwa mbali, na wengi wao, Enoki aliwajua, wasingekwenda popote zaidi ya Makambako kusubiri lori la mkonge. Na yote hayo sasa yalikuwa mikononi mwake, yeye ambaye hakujua aanzie wapi.

"Baba Ema, umerudi na sura ya msiba," mkewe Zipora alimwambia alipofika. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Wamesema wanafunzi wafikiri."

"Kwani hawafikiri?"

"Sijui, Mama Ema. Sijawahi kuwauliza."

Jumatatu akaamuru madawati yapangwe makundi makundi. Yakapangwa. Vijana wa Darasa la Kumi wakaketi wakitazamana, magoti yakigongana, kila mmoja amekaa kama mgeni kwenye nyumba ya wakwe. Mwalimu Enoki akasimama mbele, mikono nyuma, akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akitolea adhabu: "Ulizeni maswali!"

Nje kunguru alilia.

"Nimesema ulizeni!"

Danieli, kiranja wa darasa, kijana mzito wa maneno aliyekuwa na ndevu tayari, akasimama. "Mwalimu, tuulize swali lipi?"

Wenzake wakaitikia kwa pamoja, kama walivyozoea: "Mwalimu, tuulize swali lipi?"

Hapo angeweza kucheka, na ingemsaidia, lakini hakuwa mtu wa kucheka darasani. Akatoka nje kupunga hewa. Aliona jambo moja tu: vijana hawa walilelewa kama yeye. Mdogo haongei mbele ya mkubwa mpaka aulizwe, na akiulizwa hujibu kinachotakiwa. Katika kila kundi, yule mwenye umri mkubwa ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote, na waliobaki waliangalia vidole vyao vya miguu. Wiki mbili zikapita hivyo. Madawati yalikuwa yamebadilika, watu walikuwa walewale.

Mara moja tu lilitokea swali la kweli, na hilo ndilo lililomuumiza. Alikuwa akifundisha jiometri, lile somo la pembe tatu za pembetatu, kwamba ukizijumlisha zinatimia mstari mnyoofu. Alilijua kama anavyojua Baba Yetu. Akachora pembetatu ubaoni, akasema: "Sasa, kwenye ncha ya juu, chora mstari ulio sambamba na kitako." Akauchora. Wote wakachora. Ndipo Silvesta akanyoosha mkono.

Silvesta alikuwa wa mwisho darasani, na hakuna aliyeona ajabu, hata yeye mwenyewe. Alitoka familia ya Kikatoliki karibu na misheni, alikuwa na mikono mikubwa ya jembe, na hesabu zilikuwa zikimteleza kama sabuni.

"Mwalimu, huo mstari ametuambia nani tuuchore?"

"Ndivyo inavyothibitishwa."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini yule wa kwanza, kabla hajaambiwa na mtu, alijuaje kwamba auchore hapo?"

Mwalimu Enoki akageuka akautazama ule mstari ubaoni. Miaka yote ile alikuwa ameuchora mstari huo mamia ya mara, na hata siku moja hakujiuliza ulitoka wapi. Joto likampanda shingoni, juu ya kola. Akamtoa Silvesta nje kwa utovu wa adabu. Kijana alipokuwa akitoka, Enoki alikumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru waulize maswali, akazidi kukasirika, na asijue amkasirikie nani.

Ndipo siku moja ya baridi kali, umande umeganda juu ya majani, akaingia Darasa la Kumi akawakuta wamekaa kwenye makundi yao wakitetemeka na kutazamana, daftari zimefunikwa. Uvumilivu ukamwisha. Akasahau Kiingereza, akasahau mambo ya Makambako, maneno yakamtoka kama yanavyomtoka mtu shambani:

"Ninyi vijana, mna nini? Nyumbani kwenu hamjui kufanya kazi pamoja? Mgowe hamjawahi kwenda? Basi fanyeni mgowe! Mgowe!"

Akaubamiza mlango.

Kwa asiyejua, mgowe ni kulima kwa kusaidiana. Mwenye shamba huita majirani, nao huja na majembe yao wakalima kwake mpaka shamba liishe, siku nyingine wakahamia kwa mwingine. Mwenye shamba huandaa chakula na kinywaji, kwa Walutheri togwa, kwa wengine kitu chenye nguvu zaidi. Na kwenye mgowe mambo ya heshima hulegea kidogo. Kijana huweza kumwambia mzee aliye kando yake, "Baba, umeruka jani hapo," na mzee akarudi akaling'oa huku watu wakicheka. Mwalimu Enoki hakuwaza hata moja kati ya hayo. Alikuwa amekasirika tu, na neno lililokuwa karibu ndilo alilolirusha.

Lakini Darasa la Kumi walizoea kutii neno la mwalimu kama lilivyo. Alipokwisha kutoka, Danieli alisimama akauliza kwa uzito wake wote: "Shamba la nani lina magugu mengi kuliko yote?" Silvesta akanyoosha mkono. Wote wakabeba viti vyao, wakahamia kwake.

Tangu siku hiyo darasa lile likawa na kelele. Mwalimu Enoki aliwaachia vipindi vyake vya hesabu wafanye wenyewe, akazisikia kelele hizo kutoka ofisini kwake akaogopa, kisha akafurahi, kisha akaogopa tena. Alipita dirishani akaona vijana wamezunguka dawati moja, wengine wamepiga magoti juu ya viti, wanabishana kwa Kiingereza kibovu, kwa Kiswahili, kwa Kibena kilichokatazwa shuleni, wanachekana, wanafutana mistari. Akawaza: pengine huku ndiko kufikiri kwenyewe. Lakini pengine ni fujo tu. Utavitofautishaje? Hakuna aliyemwambia Makambako.

Aliyekuja kumwamsha alikuwa Mwalimu Kasimiri. Huyu alikuwa kijana, Mkatoliki, ametoka chuoni hivi karibuni, nguo zake zimenyooka mpaka zinakata, na kila jambo alilijua kwa jina lake la kitabuni. Alimheshimu Enoki kwa dhati, na Enoki alimwogopa kidogo.

"Mwalimu Mkuu, shikamoo. Naomba kuuliza. Ulitoa idhini Darasa la Kumi wabaki kwenye pembetatu moja mwezi mzima?"

"Marahaba. Pembetatu ipi?"

"Ileile ya mstari sambamba. Nimewauliza kwa nini hawajaendelea na muhtasari. Wamenijibu: shamba la Silvesta halijaisha."

Mwalimu Enoki akamtazama kama hajasikia. Wakaenda wote wawili darasani. Danieli akaeleza kwa adabu, mikono imeshikana mbele: Mwalimu aliamuru mgowe. Kwenye mgowe hamwondoki shamba likiwa nusu. Shamba la Silvesta lilikuwa na magugu mpaka chini, kwa hiyo walipoanza na pembetatu walikuta hajui pembe, walipoanza na pembe walikuta hajui vipimo, wakarudi nyuma mpaka hesabu za Darasa la Tano. Sasa wanapanda kurudi juu.

"Na ninyi wengine? Mashamba yenu?"

"Bado, Mwalimu. Zamu zetu zitafika."

Mtihani ulikuwa karibu, na mkaguzi karibu zaidi. Mwalimu Enoki alitaka kuwaambia wamekosea, kwamba alichosema ni maneno ya hasira tu. Lakini aliposogea kwenye dawati aliona kitu kilichomzuia. Vijana waliokuwa wakimfundisha Silvesta, wale waliokuwa wakighani vizuri kuliko wote, walikuwa wamekwama njiani mara nyingi kuliko yeye. Kila alipouliza "kwa nini", waligundua kwamba na wao walikuwa hawajui, wakalazimika kulitafuta. Sasa je, hilo ni kupoteza wakati au ni lile jambo lenyewe? Akatoka bila kuamua. Kasimiri alimfuata nyuma akisubiri amri, na amri haikuja.

Jambo la pili lilikuja asubuhi moja mstarini. Wakati bendera inapandishwa, Silvesta alianguka chini kama gunia. Mwalimu Enoki na Danieli wakambeba mpaka nyumba ya bati, Zipora akampa uji wa moto, akanywa bakuli zima bila kupumua, na la pili.

"Mtoto huyu haumwi," Zipora alisema. "Ana njaa. Kwani bwenini hampikiwi?"

Silvesta hakutaka kusema. Danieli ndiye aliyesema, naye alikuwa haoni ubaya wowote: mwenye shamba huwalisha wanaomlimia. Kila jioni Silvesta aligawa sahani yake ya ugali na maharage, tonge hapa tonge pale, mpaka iishe. Walikuwa wengi, kwa hiyo kila mtu aliambulia kidogo tu, kwa desturi.

"Mwezi mzima?" Mwalimu Enoki aliuliza.

"Jumapili tulimpumzisha, Mwalimu."

Mwalimu Enoki akamgeukia Silvesta. "Wewe, kwa nini hukuniambia?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Mwalimu, kabla ya hapa watu hawakuwahi kuja kulima kwangu. Ningewaachaje na njaa?"

Enoki hakujua acheke au alie. Alijua kwamba yeye ndiye aliyelifanya hilo, kwa neno moja alilolirusha akiwa na baridi na hasira, na kwamba mkuu wa shule wa kweli angelijua mapema. Ikamuuma sana. Siku hiyohiyo akaamua kuukomesha mgowe. Akaenda mpaka mlangoni mwa Darasa la Kumi, akasikia kicheko ndani, kijana mmoja akisema, "Umeruka jani, rudi," na sauti nyingine ikijibu, "Kweli, kweli, narudi." Akasimama pale, mkono kwenye kitasa. Kisha akageuka akarudi nyumbani kumwomba Zipora akoroge togwa.

"Ya watu wangapi?"

"Darasa zima."

"Baba Ema, wewe ni mkuu wa shule au mwenye shamba?"

"Laiti ningejua," akasema, na alimaanisha hivyo.

Tangu hapo togwa ilikwenda darasani kwa ndoo, na Silvesta akala sahani yake. Kasimiri, kila alipoiona ndoo, alifumba macho kidogo.

Mkaguzi akaja Ijumaa, ndani ya Landrova iliyojaa matope. Alikuwa Mwingereza mwenye umri wa makamo, mpole wa sauti, anayejua Kiswahili cha ofisini. Alipita madarasa ya chini, akala chakula cha mchana, kisha akaomba kumwona Mwalimu Mkuu mwenyewe akifundisha Darasa la Kumi. Akaketi nyuma, akakunja nne.

Hofu ni kitu kibaya. Mwalimu Enoki alikuwa amejiandaa kuwaacha wafanye kazi yao, lakini alipoyaona macho ya yule bwana, akashika chaki kama mtu anayezama anavyoshika jani, na mkono ukamwendea wenyewe kwenye alichokijua. Akachora pembetatu. Akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka: "Kwenye ncha ya juu, chora mstari ulio sambamba na kitako."

Kiti kikasogea. Silvesta alisimama.

"Mwalimu, samahani. Magugu yote tumemaliza, limebaki hilo moja. Darasa zima limeshindwa. Yule wa kwanza alijuaje kwamba auchore mstari hapo?"

Mkaguzi akainua uso. Kasimiri, aliyekuwa amesimama dirishani, akafumba macho. Mwalimu Enoki aliona njia mbili, na zote zilikuwa wazi kabisa. Angeweza kusema, "Keti chini, tutalijadili baadaye," na somo lingekwisha vizuri, kwa maana mkaguzi asingejua tofauti. Au angesema kweli, mbele ya Mwingereza, mbele ya walimu wake na vijana wote wale, kwamba alichokifundisha miaka ishirini na zaidi hakijui. Alimtazama Silvesta, ambaye mashavu yake yalikuwa bado hayajajaa vizuri.

"Sijui," akasema.

Danieli akatazama huku na huku, akapima uzito wa jambo, akasimama. "Basi leo ni kwa Mwalimu," akasema kwa Kiswahili. Viti vikaanza kuburutwa. Mtu akaleta kiti cha ziada, akamwekea mkuu wa shule katikati, na Mwalimu Enoki, koti lake jeusi limejaa chaki, akakaa.

Walianza kubishana. Mmoja alisema yule wa kwanza alibahatisha. Mwingine alisema alioteshwa, wakamcheka. Wa tatu alikata pembetatu ya karatasi, akazichana ncha zake tatu, akazipanga juu ya dawati, zikakaa kando kando, zikatimia mstari mnyoofu. Silvesta alizitazama muda mrefu, mikono yake mikubwa ikizisogeza.

"Alitaka kuziona zote tatu mahali pamoja," akasema polepole. "Moja ipo juu tayari. Akataka kuzileta hizi mbili za chini zikae kando yake. Sasa atazilaza wapi? Anahitaji ukuta wa kuziegemeza. Mwalimu, hakuanza na mstari! Alianza na kile alichokitaka. Mstari aliutafuta baadaye."

Mwalimu Enoki aliangalia vipande vile vya karatasi. Kitu kikafunguka kifuani mwake, kwa furaha iliyouma. Aliona aibu kwa vijana wote aliowahi kuwachapa kwa sababu ya mstari ule, na papo hapo alikuwa na furaha kama mtoto. Macho yakamwasha, akasingizia chaki. "Rudia," akasema. "Rudia, nimeruka mahali." Na Silvesta akarudia.

Mkaguzi alimtoa Mwalimu Enoki nje baadaye, wakasimama kando ya Landrova. Uso wa yule bwana ulikuwa umechangamka. "Mwalimu, sijaona darasa kama hili katika jimbo lote. Nitaita wakuu wote Makambako wakusikilize. Nieleze sasa. Njia hii uliipangaje?"

Hapo ndipo mtu mwerevu angejipatia jina. Maneno ya Makambako yalikuwepo, makundi, majadiliano, uongozi, angeyapanga tu kama matofali. Lakini Enoki alikuwa amekwisha sema kweli mara moja siku hiyo, na inaelekea mtu akishaanza ni vigumu kusimama.

"Bwana, sikuipanga. Nilikuwa nimekasirika nikawaambia neno, wakalielewa wanavyojua wao. Mwezi mzima nilitaka kuwazuia, sikujua kama nizuie au niache. Kijana yule uliyemsikia alianguka kwa njaa kwa sababu yangu. Bado sijui jambo hili linafanyaje kazi."

Mkaguzi alikunja uso, si kwa hasira, ila kama mtu aliyepewa zawadi yenye miiba. Akatazama mlima, akatazama viatu vyake. Mwishowe akasema kwamba madarasa yatabaki. Hilo hana shaka nalo, ameliona kwa macho. Lakini shule hawezi kuiacha mikononi mwa mtu asiyeweza kueleza kinachofanyika ndani yake. Kwa namna alivyolisema ilionekana limemtoka kwa shida. "Mwalimu Kasimiri ataweza," akaongeza.

"Ataweza, Bwana," Enoki akasema. Na Landrova ikaondoka.

Nyumbani Zipora alimsikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi. "Sasa niambie, Baba Ema, umeshinda au umeshindwa?"

Alifikiri kwa unyofu. "Shule imeshinda. Mimi sielewi."

Walihama nyumba ya bati, wakapanga nyumba ya udongo kwenye mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe, karibu na mafundi wa cherehani na wauza chumvi. Watu walimpa pole sokoni kama aliyefiwa, na wengine walisema maneno chinichini, kwamba alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Yeye aliendelea kupanda kilima kila asubuhi kufundisha hesabu kwenye madarasa ya chini. Aibu ilimkaa wiki za mwanzo, hasa alipompisha njia Kasimiri, kijana wa umri wa mwanawe, na kumwita Mwalimu Mkuu. Usiku alijiuliza kama angenyamaza tu, ingekuwaje, na jibu halikupatikana.

Mwalimu Kasimiri alianza kazi kwa bidii. Mgowe aliuona mali, akaamua kuutengeneza vizuri. Kila kundi likapata mwenyekiti na mwandishi. Mashamba yakagawanywa kwa ratiba, kila mwanafunzi kipindi kimoja na nusu, kengele ikilia mnahamia kwa mwingine, shamba liwe limeisha au halijaisha. Togwa ikawekwa saa nne kamili. Alikwenda Makambako akaueleza mpango huo mbele ya wakuu wote kwa kuchora ubaoni, wakampigia makofi.

Jioni moja, jua halijazama, mtu alibisha hodi kule Ramadhani. Zipora alikaribisha, akaingia Kasimiri, kofia mkononi, suruali imeingia vumbi mpaka magotini. Ilionekana ametembea, hakupanda baiskeli. Aliamkia, akakaa kwenye ukingo wa kigoda, akakataa chakula, kisha akakikubali.

"Mwalimu," alisema baadaye, na sauti yake ilikuwa imepoteza madoido yote ya kitabuni, "wamenyamaza."

"Nani?"

"Darasa la Kumi. Wiki ya tatu hii. Wanafanya yote niliyopanga. Mwenyekiti anafungua, mwandishi anaandika, kengele ikilia wanahama. Hakuna anayecheka. Hakuna anayeuliza. Jana nilimwambia Silvesta aulize swali, akaniuliza aulize lipi." Akakipapasa kitambaa cha kofia. "Mkaguzi atarudi. Wewe uliwafanya nini? Niambie tu, Mwalimu. Nitafuata."

Mwalimu Enoki alimtazama kijana yule, nguo zake zilizokuwa zikikata zimelegea mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu Makambako hakuona aibu yoyote. Alimwona mwenzake kabisa. Akavuta kiti chake karibu.

"Jambo gani hulijui katika somo unalolifundisha?"

"Mimi?" Kasimiri aliiweka kofia chini. "Historia. Kuna jambo moja. Nililikariri chuoni, sijapata kulielewa mpaka leo."

"Kesho waambie hilo."

"Niwaambie jibu?"

"Waambie hujui."

"Wote?"

"Wote."

Mkuu mpya wa shule alimtazama kama aliyeambiwa avue suruali katikati ya soko la Makambako siku ya mnada. Zipora aligeukia jikoni ili asicheke mbele ya mgeni. Kasimiri akavaa kofia, akaivua, akaaga, akaondoka polepole kuelekea kilimani. Asubuhi aliingia Darasa la Kumi, akafunga mlango, akawaambia.